Gunia la ngumi nyumbani: Mazoezi mazuri, lakini mchanga huvunja mikono

MTU anayetoka Korogwe mjini kuelekea Magoma na hatimaye Mashewa, mkoani Tanga, hachelewi kukumbuka kuwa yuko katika nchi ya mkonge. Mashamba ya wilaya hiyo, yakiwamo ya Hale, Magunga, Mwelya, Ngombezi na Magoma, yametajwa kwa vizazi kadhaa kila panapozungumzwa zao hilo, ambalo Mjerumani Richard Hindorf aliliingiza nchini mwaka 1893. Miche aliyoiagiza kutoka Florida, Marekani, ilikuwa takribani 1,000, lakini iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Kutokana na hiyo michache yakaja mashamba makubwa, na kutokana na mashamba zikaja kamba na magunia.

Gunia hilo, pamoja na kamba yake, lina jambo la kumfundisha mkazi wa Dar es Salaam, Arusha au Mwanza ambaye siku hizi anataka kutundika begi la ngumi nyumbani kwake. Begi linalouzwa kwa bei kubwa katika maduka ya vifaa vya michezo, lenye ngozi inayong'aa na nembo ya kampuni ya ng'ambo, kwa asili yake ni gunia tu lililoshindiliwa matambaa. Kijana wa Mashewa mwenye gunia imara, kipande cha turubai na nguo kuukuu anaweza kutengeneza kifaa kitakachofanya kazi ileile. Na anaweza pia, kwa kosa moja la kujaza mchanga, kutengeneza kifaa kitakachomvunja mkono.

Hapo ndipo penye shida. Wengi wanaojitengenezea begi nyumbani hufikiri kwamba ugumu ndio ubora. Gunia linapokuwa zito na gumu kama kisiki, ndivyo wanavyoamini kuwa ngumi zao zinakomaa. Matokeo yake huonekana baada ya majuma machache, pale mtu anaposhindwa kushika kalamu, sufuria au usukani.

Ngumi zimepata wapenzi wengi

Mchezo wa ngumi si mgeni nchini. Titus Simba aliiletea Tanzania medali ya fedha katika Michezo ya Jumuiya ya Madola iliyofanyika Edinburgh mwaka 1970, na Michael Yombayomba akatwaa dhahabu katika michezo kama hiyo mjini Kuala Lumpur mwaka 1998. Baadaye, Septemba 2018, Hassan Mwakinyo wa Tanga alimshangaza Mwingereza Sam Eggington mjini Birmingham kwa kummaliza katika raundi ya pili, mbele ya mashabiki ambao wengi wao hawakuwa wamewahi kulisikia jina lake.

Hata hivyo, wengi wanaotafuta begi la ngumi leo hawana nia ya kupanda ulingoni. Ni makarani, wafanyabiashara, madereva na akina mama wa nyumbani ambao daktari amewaambia wapunguze uzito, au ambao wenyewe wameona kuwa suruali za mwaka jana hazifungi. Sababu yao ni ya msingi. Utafiti wa kitaifa uliofanyika mwaka 2012 miongoni mwa Watanzania wenye umri wa miaka 25 hadi 64 ulionyesha kuwa takribani mmoja kati ya wanne alikuwa na shinikizo la juu la damu. Maisha ya mjini, yenye kukaa kwenye kiti mchana na kwenye foleni jioni, hayasaidii kulipunguza.

Je, gunia la ngumi lina faida gani kuliko kutembea tu? Wataalamu wa mazoezi hulinganisha nguvu ambayo mwili hutumia katika kazi fulani na ile ambayo mtu hutumia akiwa amekaa kimya. Kwa kipimo hicho, kutembea kwa haraka, mwendo wa zaidi kidogo ya kilomita tano na nusu kwa saa, ni mara 4.3 ya kukaa. Kupiga begi la ngumi ni mara 5.5. Kupigana na mwenzako kwa mazoezi ni mara 7.8, na pambano lenyewe ulingoni ni mara 12.8.

Tarakimu hizo zapaswa kumtuliza yeyote aliyesikia kuwa begi huyeyusha mafuta kama siagi kikaangoni. Mtu mwenye kilo 70 akipiga gunia kwa nusu saa atatumia kiasi cha kalori 190, yaani chupa moja na nusu ya soda ya mililita 300. Si haba, lakini si muujiza. Anayepiga gunia jioni kisha akajizawadia soda mbili amerudi alikotoka, na zaidi kidogo.

Faida ya gunia iko kwingine. Mguu unasukuma ardhi, kiuno kinageuka, tumbo linakaza, bega linarusha mkono, na yote hayo hufanyika mara mamia katika muda mfupi, ndani ya eneo lisilozidi hatua nne kwa nne. Mvua ikinyesha, kazi inaendelea kibarazani. Giza likiingia, hakuna haja ya kukimbia barabarani pamoja na bodaboda na mbwa. Na iko faida nyingine ambayo haipimwi kwa kalori: watu hupenda kupiga kitu. Mazoezi yanayopendwa hurudiwa kesho, na yale yasiyopendwa hufa ndani ya wiki mbili, hata yawe yameandikwa na bingwa gani.

Mchanga na hesabu yake

Gunia la kawaida la mazoezi huwa na kipenyo cha sentimita 35 hivi na urefu wa mita moja. Ndani yake mna nafasi ya karibu lita 96. Lita moja ya mchanga mkavu ina uzito wa takribani kilo 1.6, kwa hiyo gunia hilo likijazwa mchanga pomoni lingefikia kilo 150. Hakuna kenchi ya nyumba ya kawaida inayostahili kubebeshwa mzigo kama huo, tena unaoyumba. Gunia hilohilo likishindiliwa nguo kuukuu huwa na kilo 35 hivi. Makocha wa zamani husema begi liwe na nusu ya uzito wa anayelipiga. Mtu wa kilo 70 basi amepata lake bila kutafuta chochote kingine.

Wanaojua kuwa mchanga ni mzito huchanganya: nusu mchanga, nusu matambaa. Hilo nalo ni kosa, na pengine ni baya zaidi kwa sababu halionekani mapema. Kila ngumi inapotua, chembe za mchanga huteremka kupitia mapengo ya nguo. Baada ya mwezi mmoja sehemu ya juu ya gunia imekuwa laini na ya chini imekuwa jiwe, na unyevunyevu wa msimu wa mvua huzidi kuligandisha. Mpigaji anayeinama kurusha ngumi ya mbavuni hukutana na ukuta.

Kinachoumiza ni ule usimamaji wa ghafla. Ngumi inayozama sentimita nne ndani ya gunia kabla ya kusimama hupata nafasi mara nne ya ile inayosimama katika sentimita moja, na nguvu inayorudi mkononi hupungua kwa kiasi hichohicho. Ndiyo sababu gunia jema hubonyea kidogo, likafunga, kisha likarudi. Kizuri cha kulijaribu ni kiwiko au kiganja kilichofunguliwa kabla ya ngumi: likiumiza kiganja, halifai.

Vijazio vyema havina gharama. Mabaki ya vitambaa kutoka kwa mafundi cherehani, mitumba iliyochakaa, mashuka na mapazia ya zamani, vyote vinafaa. Kazi ya kuchosha ni kuondoa zipu, vifungo na ndoano za sidiria, kwa kuwa kifungo kimoja cha chuma kilichojificha karibu na ukuta wa gunia kitamtafuta mpigaji siku moja. Nguo hazitupwi ndani kama zinavyotupwa kwenye tenga. Hutandazwa tabaka kwa tabaka, na kila baada ya tabaka chache hushindiliwa. Hapa mchi wa kutwangia ni zana bora kuliko yoyote inayouzwa dukani.

Mabaki mafupi ya nyuzi za katani, ambayo kwa miaka mingi yametumika kujazia makochi na magodoro, nayo yanaweza kuchanganywa na nguo. Ni mepesi na yana mnepo. Sehemu ya jani la mkonge inayogeuka kuwa nyuzi ni asilimia nne hivi tu, kwa hiyo hata kifupi hakipaswi kudharauliwa. Maranda ya mbao yanafaa kwa kuchanganywa, si peke yake, kwani husagika na kuwa unga ulioganda. Pumba za mpunga, ambazo watu wa Mombo wanazijua vizuri, ni nyepesi mno na hutoa vumbi kila gunia linapopigwa. Mwenye pumu asizikaribie. Mahindi au nafaka nyingine yoyote ni karamu ya panya.

Kama uzito bado haujatosha, mchanga unaruhusiwa kwa sharti moja. Utiwe katika vifuko vidogo vya turubai vilivyoshonwa imara, kila kimoja kilo moja au mbili, na vikae katikati kabisa ya gunia, vikizungukwa na matambaa ya unene wa shubiri moja hivi kila upande. Hapo mchanga unabaki kuwa uzito wa ndani, na mkono haukutani nao.

Kuhusu gunia lenyewe, katani ni imara lakini ni kali. Nyuzi zake hukwangua ngozi, hivyo lazima livikwe turubai, na mishono ishonwe mara mbili. Viroba vya plastiki vinavyotumika kufungashia unga na mbolea ni laini zaidi, ila jua huvila. Kiroba kilichotundikwa nje kwa miezi kadhaa huanza kukatika kama karatasi, na hufanya hivyo bila kutoa taarifa.

Mahali pa kutundika

Nyumba nyingi za mjini hazikujengwa kwa kufikiria gunia la ngumi. Dari ya jipsamu au ya mbao nyembamba haibebi kitu. Kinachoweza kubeba ni kenchi nene iliyokaa juu ya ukuta, boriti ya zege, au nguzo iliyochimbiwa ardhini mahususi kwa kazi hiyo.

Kosa la kawaida ni kupima mzigo likiwa limetulia. Gunia la kilo 35 likiyumba hadi nyuzi 45, mnyororo hubeba zaidi ya kilo 55 wakati linapopita katikati. Likirushwa juu kidogo na ngumi ya kutoka chini, kisha likaanguka na kukaza mnyororo ghafla, mshtuko wake huzidi hapo. Busara ni kuchagua mahali panapoweza kubeba mara nne ya uzito wa gunia. Kipimo rahisi ni watu wazima wawili kuning'inia hapo kwa pamoja, miguu yao ikiwa karibu na ardhi, kwa muda wa dakika moja. Kenchi ikilia, watafute mahali pengine.

Msumari hautoshi, hata ukiwa wa inchi sita. Inatakiwa bolti ipite kwenye mbao hadi upande wa pili na kukazwa kwa nati yenye waya mpana, au mnyororo uzungushwe kwenye boriti yenyewe. Watu wa mwambao wana adui wa ziada, nao ni chumvi ya bahari, ambayo hula mnyororo taratibu kutoka ndani ya pete zake. Mnyororo wa Tanga mjini au Kigamboni ukaguliwe kila mwezi. Pete iliyokonda ibadilishwe bila kusubiri.

Kamba ya katani? Ni nzuri kwa mengi, na kwa heshima ya Korogwe ingefaa kusemwa kuwa inatosha. Ukweli ni kwamba inafaa kwa muda tu, tena mahali pakavu. Ikilowa na kukauka mara kwa mara nyuzi zake huoza, na inaposuguana na boriti hukatika uzi mmoja mmoja. Anayeitumia aikunje mara mbili, aweke kipande cha mpira wa tairi mahali inapogusa boriti, na aitazame kila kabla ya kuanza mazoezi.

Mti ni mbadala wa kupendeza kwa wenye uwanja. Tawi nene la mwembe huyumba kidogo pamoja na gunia na hivyo kulimeza lile tetemeko ambalo nyumba hulilalamikia. Tawi lenye tundu, utomvu unaotoka bila sababu au mchwa lisitumike.

Kwa wapangaji kuna suala jingine ambalo vitabu vya mazoezi vya Ulaya havilitaji. Nyumba ya vyumba sita yenye paa moja hupeleka mshindo wa gunia kutoka chumba cha kwanza hadi cha sita. Saa kumi na moja alfajiri huenda ukawa wakati mzuri kwa moyo wa anayefanya mazoezi, lakini si kwa mtoto mchanga wa jirani, na mwenye nyumba ndiye mwenye kauli ya mwisho juu ya kenchi zake. Aombwe ruhusa kabla bolti haijaingia.

Mkono ndio mtaji

Mkono wa binadamu una mifupa 27, na mingi kati yake ni midogo. Mifupa mitano mirefu ya kiganja ndiyo inayobeba ngumi. Ile inayoishia kwenye kidole cha shahada na cha kati imefungwa imara na haichezi. Ile ya kidole cha pete na kidole cha mwisho inacheza, kwa sababu mkono ulikusudiwa kushika, si kugonga. Mtu asiyefundishwa akirusha ngumi kwa kuzungusha mkono, mara nyingi hutua kwa vifundo viwili vya mwisho, na mfupa wa kidole kidogo huvunjika karibu na kichwa chake. Madaktari huuita mvunjiko huo kwa jina la mabondia, ilhali mabondia wenyewe waliofunzwa hawaupati sana. Hupatikana zaidi kwa waliopiga ukuta, mlango au kichwa cha mtu kwa hasira.

Mvunjiko wa namna hiyo huweza kumweka mtu kwenye plasta kwa wiki tatu au nne, na nguvu kamili ya kushika huchelewa zaidi ya hapo. Kwa mwajiriwa wa ofisini hilo ni usumbufu. Kwa fundi seremala, mama ntilie, dereva wa bodaboda au mkata mkonge ni njaa ya mwezi mzima. Ndiyo maana bandeji na glovu hazipaswi kuhesabiwa kama mapambo.

Bandeji ya mikono inayotumiwa na mabondia wazima huwa na urefu wa karibu mita 4.5 na upana wa sentimita tano. Asiyekuwa nayo anaweza kukata ukanda wa pamba wa vipimo hivyo kutoka katika kanga kuukuu au shuka. Huanza kwa kitanzi kwenye dole gumba, kisha huzungushwa mara tatu kwenye kifundo cha mkono, mara tatu juu ya vifundo vya vidole, hupitishwa katikati ya kila kidole, na kinachobaki humalizikia kifundoni. Wakati wa kufunga, vidole viwe vimetanuliwa. Anayefunga akiwa amekunja ngumi atakuta damu haipiti akiifungua, na vidole vikianza kufa ganzi afungue aanze upya.

Juu ya bandeji huja glovu. Kwa gunia zito zinafaa za aunzi 14 au 16, yaani kila moja gramu 400 hadi 450 hivi. Zile nyembamba za aunzi nane zinazoonekana kwenye mapambano zina kazi nyingine. Glovu za mitumba zinafaa iwapo sponji yake bado hurudi ikibonyezwa. Sponji iliyolala ni ngozi tupu.

Ngumi hutua kwa vifundo viwili vya kwanza, cha shahada na cha kati, na kifundo cha mkono kikiwa kimenyooka sambamba na kigasha kama mpini wa jembe ulioshikizwa vyema. Dole gumba hukaa nje, chini ya vidole, kamwe si ndani ya ngumi. Anayehisi kifundo kinakunjika kila anapopiga apunguze nguvu hadi kiache.

Somo la Kinshasa

Mwaka 1974, George Foreman alikwenda Kinshasa, Zaire ya wakati huo, akiwa bingwa wa dunia wa uzito wa juu na mtu aliyeogopwa kuliko wote kwa jinsi alivyolipiga begi zito mazoezini. Ngumi zake ziliacha shimo ubavuni mwa begi. Pambano lake na Muhammad Ali lilipofanyika Oktoba 30, Ali aliegemea kamba, akajikinga, akamwacha apige. Foreman alipiga raundi baada ya raundi kama aliyekuwa bado yuko mbele ya begi lake, na katika raundi ya nane, pumzi zikiwa zimemwishia, akaangushwa.

Kwa anayefanya mazoezi ya nyumbani kisa hicho kinahusu pumzi. Anayeanza hulivamia gunia kwa nguvu zake zote, na kabla ya dakika moja ameshika magoti. Amechoka bila kufanya mazoezi ya kutosha. Wenye uzoefu hupiga kwa nusu ya nguvu na kuweka akili kwenye mwendo wa miguu na pumzi.

Raundi ya mabondia wa kulipwa huwa dakika tatu, ikifuatiwa na dakika moja ya mapumziko. Anayeanza achukue dakika mbili na apumzike moja, raundi nne zinamtosha kwa wiki mbili za kwanza, tena kwa siku tatu tu za wiki ili ngozi na viungo vya mikono vizoee. Kabla ya hapo aruke kamba au atembee kwa haraka dakika tano, na azungushe mabega. Saa ya simu inatosha kuwa kengele.

Raundi ya kwanza iwe ya mkono wa mbele peke yake, ngumi nyepesi za haraka, huku akilizunguka gunia. Ya pili aongeze mkono wa nyuma, akigeuza kiuno na kisigino. Ngumi za pembeni na za kutoka chini zisubiri mpaka hizo mbili zimenyooka, hata ikichukua mwezi. Wengi hawasubiri, kwa kuwa ngumi ya pembeni ndiyo hupendeza kwenye televisheni, na ndiyo hiyo humkunja mtu kifundo.

Gunia lenyewe humwambia mpigaji kama anakosea. Likienda mbali na kurudi kama bembea, anasukuma, hapigi: mkono unachelewa kurudi. Ngumi sahihi hutoa mlio mkavu wa ghafla, na gunia hutetemeka mahali pake kuliko kusafiri. Na miguu isigandwe ardhini. Anayesimama mahali pamoja akirusha mikono anafanyisha mabega kazi yote, na kesho yake hawezi kuchana nywele.

Pumzi hutoka kwa mdomo kila ngumi inapotoka, kwa mlio mfupi wa kufyoza. Hili lina uzito wa pekee kwa wenye shinikizo la damu. Mtu anayebana pumzi huku akikaza mwili mzima hupandisha shinikizo kwa ghafla, jambo ambalo kijana mwenye afya hulivumilia lakini mtu wa miaka 55 anayetumia dawa huenda asilivumilie. Mwenye shinikizo, kisukari, ugonjwa wa moyo au mimba azungumze na daktari kwanza. Maumivu ya kifua, kizunguzungu au pumzi isiyorudi baada ya mapumziko ni sababu ya kuacha siku hiyo na kwenda hospitali, si ya kumalizia raundi.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au nusu yake kwa mazoezi makali, pamoja na siku mbili za kuimarisha misuli. Nusu saa ya gunia kwa siku tatu ni dakika 90. Zinazobaki zinaweza kupatikana kwa kushuka daladala vituo viwili kabla ya nyumbani. Ieleweke pia kuwa gunia hufundisha misuli ya kusukuma na kuiacha ile ya kuvuta. Mtu anayepiga tu, bila kujivuta kwenye bomba au kunyanyua ndoo ya maji kwa kuinama, hatimaye mabega yake huelekea mbele na mgongo ukajikunja. Ndoo mbili za lita kumi zinatosha kwa kazi hiyo.

Gunia halirudishi ngumi. Wapo waliopiga miezi sita kibarazani wakaamini kuwa wameiva, na wakajaribu elimu yao baa au kituoni. Bondia yeyote atasema kuwa anayepigwa hasimami kulisubiri konde.

Gunia jipya hushuka. Baada ya wiki ya kwanza nguo zitakuwa zimejibana chini na juu patabaki pengo la shubiri nzima. Lifunguliwe, liongezewe, lishindiliwe tena kwa mchi. Baadaye, kila baada ya miezi miwili au mitatu, lishushwe, likaguliwe mishono, lipigwe jua kutwa nzima kuondoa jasho na ukungu, kisha litundikwe kichwa chini miguu juu iwapo lina pete pande zote mbili. Fundi wa turubai akiambiwa mapema azishone pete hizo za chini, hachukui muda wa ziada hata robo saa.